Nilivyokwenda Nairobi Nikiwa Nimelazwa Msambweni

Sehemu ya Tatu

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Mbuvi, mchonga vinyago wa Ukunda. Nina mke, Everlyn, na binti mmoja, Faith. Kwa miaka ishirini nilichonga ndovu na twiga wa kuwauzia watalii Diani. Watalii walipochoka na ndovu, Mwalimu Garama alinifundisha kuchonga watu wadogo.

Mwalimu Garama ni mtu wa Kinango, alisomesha historia mpaka akastaafu. Yeye na wenzake hucheza vita vya mezani. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Hupanga juu ya meza vilima, nyumba, miti na askari wa kimo cha kidole, kisha hupigana upya vita vya zamani kwa dadu na rula. Hakuna anayeumia. Anayeshindwa hununua chai.

Watu hao hufanya makongamano, na pembeni ya ukumbi hukodishwa meza za wachuuzi. Mimi ni mchuuzi.

Sehemu ya kwanza nilisimulia kongamano la Mombasa, ambalo lilikuwa la vijana wanaopigana kwenye kompyuta. Niliuza twiga mmoja, kwa askari wa getini. Wiki jana nilisimulia la Nakuru. Huko walicheza vita vya kale vyenye ndovu, nami nilikuwa na ndovu thelathini. Lakini ndovu wangu ni wakubwa kama paka. Mmoja angewekwa mezani angewakanyaga majeshi yote mawili kabla dadu haijarushwa.

Yale mawili yalinipata tu. Hili la tatu nililifanya mwenyewe.

Niliporudi kutoka Nakuru, Everlyn alinikalisha kitako.

"Baba Faith, kabla hujalipia meza popote tena, utauliza mambo matatu. Wanapigana vita gani? Askari wao wana kimo gani? Na choo kiko wapi?"

"Choo?"

"Nakuru walikuweka wapi?"

"Nyuma ya jenereta."

"Nani alipita hapo?"

"Fundi wa jenereta."

"Basi. Mchezaji haondoki kwenye meza yake isipokuwa kwenda chooni. Wewe kaa njiani."

Mke wangu ndiye anayepaka rangi vinyago vyangu. Wakati huo hakuwa amehudhuria hata kongamano moja. Anayajua kwa kunisikiliza nikilalamika.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Garama alikuja nyumbani akiwa na habari. Alikuwa ameipata hoteli moja ya Diani, ukumbi wa meza sita, Jumamosi ya tarehe kumi na nne.

Nikamuuliza yale matatu.

"Vita ni vya Gazi," akasema. "Mwaka 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wakitaka kufika Mombasa. Kimo ni sentimita tatu. Na choo kinatazamana na meza yako, nimepima kwa hatua zangu mwenyewe."

Everlyn akampa chai ya pili.

Mwalimu alitaka nimtengenezee kijiji chote cha Gazi: minazi arobaini, mikoko ya ufukweni, nyumba za makuti. Nikachukua daftari na utepe wa kupimia, nikaenda Gazi kutazama mahali penyewe.

Nilikuwa napima upana wa njia pale kwenye mikoko mama mmoja alipotoka kwenye kitalu cha miche, mikono imejaa tope. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unapima nini?"

"Kijiji."

"Kijiji kimeshapimwa. Wewe umetumwa na kampuni gani?"

Nikamweleza kwamba sichukui ardhi ya mtu. Nikamweleza habari za meza, dadu na rula. Alinisikiliza akiwa ameushika mche wa mkoko kama mtu aliyeshika mwiko.

"Watu wazima?" akauliza.

"Ndiyo, Bi."

"Wanacheza vita vilivyopiganwa hapa?"

"Ndiyo."

"Na sisi tumo?"

Nikafungua daftari. Waingereza walikuwamo. Wajerumani walikuwamo. Askari Waafrika wa pande zote mbili walikuwamo. Nikafunua ukurasa wa pili.

"Nyumba zenu zimo," nikasema.

"Nyumba hazibebi mizigo."

Jina lake ni Biasha. Alinikalisha kwenye ubao wa kitalu akanisimulia habari za babu yake, baba wa baba yake, aliyeitwa Mwero. Vita vilipofika Gazi, Mwero alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mkewe alikuwa mjamzito. Mimba hiyo ndiyo baba yake Biasha. Mwero hakurudi, wala haikuja barua, wala mtu wa kusema amemwona.

"Bibi alikataza tusimsomee khitma," akasema Biasha. "Alisema mtu aliye safarini hasomewi khitma. Bibi akafa. Baba naye akafa. Hakuna aliyethubutu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sura yake hatuijui. Tunajua alibeba kwa bega la kushoto, maana la kulia alilivunja alipoanguka mnazini. Hilo tu ndilo lililobaki."

Nikamwambia nitamchonga.

Akauweka mche chini. "Hatukisomei kinyago, usinielewe vibaya. Khitma tutamsomea yeye mwenyewe, nyumbani. Kinyago ni cha kuwaonyesha watoto kwamba alikuwa mtu."

"Jumamosi ya tarehe kumi na nne, Diani," nikasema. "Njoo saa nane mchana. Atakuwa mezani, mbele ya nyumba zenu. Kisha mtakwenda naye."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Nilichonga wapagazi kumi na wawili kwa mti wa mwarobaini, na Mwero wa kumi na tatu. Everlyn alimpaka Mwero uso mara nne. Mara tatu za kwanza alisema anafanana na mimi, akafuta.

Mwalimu Garama alipowaona alikuna kichwa. "Mbuvi, sheria za mchezo hazina wapagazi. Mizigo ni kipande cha kadibodi."

"Nitawaweka hivyo hivyo," nikasema, nikamsimulia habari za Bi Biasha na babu yake.

Akamgeuza Mwero mkononi. "Waweke. Sheria nitaiandika mimi." Na akaiandika: jeshi lililopoteza wapagazi wake halipigi risasi zaidi ya mara tatu. Alisema ndiyo sheria ya kweli kuliko zote kitabuni.

Nieleweke. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema.

Siku tisa kabla ya Jumamosi hiyo, simu ikalia. Mwanamke akanisalimu kwa Kikamba, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha Nairobi. Aliitwa Nthenya, ni wakili, na ndiye mwandalizi wa kongamano kubwa la huko. Aliona picha za minazi yangu kwenye simu ya rafiki yake.

"Mchuuzi mmoja amejitoa," akasema. "Meza yake iko wazi. Unataka?"

"Nina maswali matatu."

"Uliza tu."

"Mnapigana vita gani?"

"This year ni vita vya baridi. Meza zote ishirini na tano."

"Vita baridi?"

"Eeh, baridi tupu."

Nikawaza haraka. Vita baridi nilivisoma shuleni. Amerika na Urusi, wakigombana ndani ya nchi za watu wengine. Nyingi ya nchi hizo zilikuwa za joto. Nchi ya joto ina minazi.

"Kimo?"

"Sentimita tatu."

"Na choo?"

Akacheka. "Meza yako ni ya mwisho kabla ya choo. Na choo ni kimoja, pole."

Choo kimoja. Meza ishirini na tano. Ilibidi niketi.

"Ni lini?"

"Jumamosi, tarehe kumi na nne."

Ningeweza kumwambia Mwalimu Garama ukweli. Angenuna siku mbili kisha angeniombea safari njema, namjua. Sikumwambia kwa sababu ningemwambia ukweli ningelazimika kumwachia kijiji chake. Na kijiji kilikuwa ndicho kazi yangu bora kuliko zote. Nilitaka kionekane na watu wa meza ishirini na tano, si sita.

Nikangoja mpaka Alhamisi, nikampigia.

"Mwalimu, nimelazwa."

"Umelazwa wapi?"

"Msambweni."

"Una nini?"

"Mgongo," nikasema, nikakohoa.

"Mgongo unakohoza?"

"Umepanda juu."

"Pole sana, ndugu yangu. Pole mno. Na kijiji?"

"Rangi haijakauka."

"Usifikirie kijiji. Fikiria afya." Kisha akauliza, "Bi Biasha nimwambie nini?"

"Mwambie Mwero yupo. Asiwe na wasiwasi."

Hapo nilikuwa bado na mke wa kumwambia kitu. Nikamwambia Mwalimu ameahirisha kwa wiki moja kwa sababu hoteli ina harusi. Everlyn alisema harusi za siku hizi hazina adabu. Akanisaidia kufunga kijiji kwenye masanduku mawili. Alimvingirisha Mwero kwenye kitambaa cha kanga yake mwenyewe.

"Huyu unampeleka wa nini?" akauliza. "Si ni wa Bi Biasha?"

"Nawaonyesha tu. Atarudi."

Nikapanda treni.

Ukumbi wa Nairobi ulikuwa mkubwa na msafi. Niliingia na sanduku moja begani na jingine mkononi, nikasimama mlangoni.

Kila kitu kilikuwa cheupe. Meza ishirini na tano zilifunikwa pamba, chumvi na unga. Vilima vyeupe. Mapaa meupe. Mito iliyoganda. Askari wadogo wamevaa makoti hadi magotini.

Wakili Nthenya akaja mbio kunipokea.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Theluji."

"Ulisema vita baridi."

"Nilisema vita vya baridi. Winter. Urusi, Ufini, huko." Akayatazama masanduku yangu. "Kwani umeleta nini?"

"Minazi."

Akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza hukumu. "Panga tu," akasema. "Huwezi jua."

Nikapanga. Minazi arobaini, mikoko, nyumba za makuti, wapagazi kumi na wawili njiani. Mbele kabisa nikamweka Mwero.

Swali la choo nalo lilinigeuka. Ni kweli kila mtu alipita mbele yangu. Lakini aliyekuwa anakwenda alikuwa na haraka, na aliyekuwa anarudi alikuwa na mikono mibichi, hakutaka kushika kitu.

Saa nne, bwana mmoja alinunua nyumba ya makuti. Akaiwekea pamba juu, ikawa nyumba ya mkulima wa Urusi. Saa tano, mwingine akaniuliza kama minazi inaweza kuja bila majani.

"Nikiyakata unabaki mti mkavu," nikasema.

"Mti mkavu ndio ninaoutaka."

Nikakata vichwa vya minazi sita ya Gazi mbele ya mteja. Alinishukuru.

Saa sita akaja mzee mrefu, mpole, mikono mikavu. Hakuwa ametoka chooni. Alikuja kwa ajili yangu.

"Naitwa Charo," akasema. "Mimi ni wa Malindi, lakini nimezeekea huku." Akainama. "Hawa ni wapagazi?"

"Ndiyo."

"Nimewatafuta miaka mingi. Nina jeshi linalorudi nyuma kwenye theluji. Watu huuza wapanda farasi tu, wapiga ngoma tu. Jeshi linalorudi nyuma lina mizigo kuliko linalokwenda mbele, na hakuna anayechonga wa kuibeba."

"Hawa wamevaa shuka, mzee. Kule kuna baridi."

"Nitawapaka makoti." Akawachukua mmoja mmoja. Kisha akamwinua Mwero, akamshika karibu na macho. "Huyu ana bega bovu," akasema. "La kulia."

Nilishtuka. Tangu nianze kuchonga watu wadogo, hakuna aliyewahi kukisoma kinyago changu hivyo.

"Huyu hauzwi," nikasema.

"Basi mbona yuko kwenye meza ya kuuzia?"

Nilikuwa nimemweka mbele kwa sababu ndiye aliyevuta macho. Mchuuzi huweka mbele kinachovuta macho.

Mzee Charo akataja bei ya wote kumi na watatu. Sitaitaja hapa. Haikuwa bei ya kunifanya tajiri. Ilikuwa tu bei ya kunifanya nisirudi Ukunda na aibu mara ya tatu.

"Bila huyu siwachukui hao wengine," akasema kwa upole. "Huyu ndiye anayewaongoza. Wewe mwenyewe uliyemchonga unaona."

Nilijiambia nitachonga mwingine. Nilijiambia hakuna anayeijua sura ya Mwero, hivyo Mwero yeyote mwenye mzigo begani kushoto ni Mwero. Nikajiambia Bi Biasha hatajua.

Nikamfunga kwenye ile kanga ya Everlyn. Kisha nikaitoa kanga, maana ilikuwa ya nyumbani, nikamfunga kwenye gazeti.

Saa saba na nusu simu ikalia. Everlyn.

"Baba Faith," akasema, "uko wodi gani?"

Nikainama na simu chini ya meza.

"Nauliza kwa sababu Mwalimu Garama alikuja hapa asubuhi na mapapai mawili. Anataka kujua wodi, apite kukuona kabla ya kongamano."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umeruhusiwa jana, uko kwa binamu yako Shimba Hills, daktari amekataza wageni. Nimesema uongo mlangoni kwangu, Faith amesimama hapo ananitazama."

"Mama Faith, nisikilize..."

"Sijamaliza. Hakuna harusi hotelini. Najua kwa sababu niko hapa hotelini. Nimeileta minazi mibovu yote uliyoiacha chini ya kitanda, nimeipanga mezani. Mwalimu amechora nyumba kwenye karatasi. Na choo kweli kinatazamana na meza yako."

Nikasikia sauti za watu nyuma yake. Sauti nyingi.

"Nani hao?"

"Bi Biasha amekuja na ukoo. Nimewahesabu, ni thelathini na wanne. Wanawake wamevaa sare. Wengine wametoka Vanga tangu alfajiri. Mama yake yupo pia, Bi Twaiba, ana miaka tisini, wamemleta kwa kiti cha magurudumu. Anasema amekuja kumwona mkwewe."

Nilishika ukingo wa meza.

"Wachezaji wameacha kucheza," Everlyn akaendelea. "Mwalimu amewaambia wasirushe dadu mpaka Mwero afike. Nimewaambia umeniachia Mwero nyumbani, nitatuma mtu. Sasa nambie wewe. Mwero yuko kwenye sanduku?"

Nikatazama mahali alipokuwa amesimama mezani. Palikuwa na duara dogo lisilo na vumbi.

"Yupo," nikasema. "Ninaye hapa."

Nilidhani uongo una mwisho wake, kama maji kwenye mtungi. Hauna.

Meza ya Mzee Charo ilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Nilikwenda nusu nikitembea, nusu nikikimbia, nikawapita wale waliokuwa wanakimbilia chooni. Nilimkuta ameshika rula. Jeshi lake lilikuwa linavuka mto ulioganda, na nyuma kabisa, kwenye theluji, wapagazi wangu wamepangwa mstari mmoja. Mwero mbele.

"Mzee Charo, nimekosa," nikasema. "Yule si wangu kumuuza."

Mpinzani wake, kijana mwenye miwani, akasema, "Tuko katikati ya zamu."

Mzee Charo akainua mkono kumnyamazisha. "Ni wa nani?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Gazi, mimba, bega, khitma isiyosomwa, watu thelathini na wanne. Nilimweleza hata mgongo. Nilipomaliza, yule kijana wa miwani alikuwa ameweka dadu chini.

"Mchukue," akasema Mzee Charo.

Nikanyoosha mkono, nikamvuta Mwero. Hakuvutika.

"Pole pole!" Mzee Charo akanishika kiganja. "Nimeshamgandisha. Gundi hii hukauka kwa dakika moja. Ukimvuta, miguu itabaki."

Nikainama kutazama. Mwero wa Gazi alikuwa amesimama kwenye theluji ya chumvi hadi muundini, amegandishwa kwenye kibao pamoja na wapagazi wengine wawili. Na Mzee Charo alikuwa ameanza kumpaka koti. Mkono mmoja tayari ulikuwa wa kijivu.

"Chukua kibao chote," akasema. "Na theluji yake."

Nikamrudishia noti zake. Alizitia mfukoni bila kuzitazama.

"Wanamtaka saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane."

Akatazama saa yake ya mkononi. "Sasa ni saa nane kasorobo."

"Najua."

"Diani?"

"Diani."

Aliigeukia meza yake, akasimama na rula mkononi bila kupima.

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nje, kibao magotini, nikikwangua rangi ya kijivu kwa ukucha, simu ilipolia tena. Namba ilikuwa ya Everlyn, lakini sauti ilikuwa ya Mwalimu Garama. Na ilikuwa na mwangwi.

"Mgonjwa wetu!" akasema. "Unaendeleaje?"

"Najikongoja, Mwalimu."

"Usijisumbue kusema sana. Mkeo ametuazima simu, nami nimeiweka kwenye spika ya ukumbi ili wote wakusikie. Umesikika mpaka jikoni."

Nyuma yake nikasikia watu wakinisalimia. Wengi. Mtu mmoja akasema pole, mwingine akasema Mungu akuponye.

"Sikiliza," Mwalimu akaendelea. "Bi Biasha amesema hawawezi kumpokea Mwero wakati aliyemchonga yuko kitandani. Amesema kwanza tukuombee wewe. Tumewasubirisha wachezaji, wamevua kofia. Tulia tu hapo ulipo."

Nilitaka kusema ngojeni. Sauti ya mzee mmoja ikaanza kuomba dua. Aliomba kwa utulivu, hakuruka kitu. Aliuombea mgongo wangu. Aliiombea mikono yangu. Aliiombea nyumba yangu, mke wangu na binti yangu, na njia zote nitakazopita. Kila alipotua, ukumbi mzima wa Diani uliitikia, "Amin," na katika hizo sauti niliisikia moja ninayoijua vizuri. Everlyn alikuwa anaitikia pamoja nao. Aliitikia kila mara. Hakukosa hata moja.

Watu waliotoka kuvuta sigara nje ya ukumbi wa Nairobi walinitazama nilivyokaa, wakahama upande mwingine.

Dua ikaisha. Kipaza sauti kikagusana na kitu, kikakwaruza.

"Bwana Mbuvi," ikasema sauti ya Biasha. "Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Biasha."

"Tumekuombea."

"Nimesikia. Ahsanteni."

"Mama anauliza Mwero yuko wapi. Amekaa kwenye kiti tangu saa tano, hataki hata maji. Tuambie umemweka wapi huko nyumbani kwako, tumtume mtu sasa hivi kwa pikipiki."

Kulikuwa na uongo mzuri sana karibu. Niliuona wote, ulikuwa umekwisha kuchongwa, ulihitaji kupakwa rangi tu. Ningesema panya. Ningesema moto wa jiko. Wangenipa pole kwa mara ya pili.

Nikafungua mdomo.

"Bi Biasha," nikasema, "mgongo wangu hauna ugonjwa wowote."

Nilisikia feni za ukumbi wa Diani. Nilisikia kiti kikisogezwa, na mtu, nadhani ni Mwalimu, akisema jina langu taratibu, kama alivyokuwa akimwita mwanafunzi aliyemtegemea.

Kisha kukatokea mlio mdogo, na mwangwi wote ukakatika. Nikadhani simu imekufa.

"Nimeizima spika," Biasha akasema, karibu kabisa na sikio langu. "Endelea. Sasa nakusikia mimi peke yangu."